Vipimo Viwili Vilivyopotea

Mama alikuwa na namna tatu za kukasirika, na binti zake wawili walizijua zote kama walivyoijua njia ya kwenda shuleni. Ya kwanza ilikuwa ya maneno mengi, na hiyo ilipita upesi. Ya pili ilikuwa ya kukanyaga cherehani kwa nguvu mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Ya tatu ilikuwa ya kimya. Mama alivua miwani, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, akafumba macho na kujikanda paji la uso. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoogopwa.

Jumatatu alasiri, binti yake mdogo, mwenye miaka kumi na miwili, alirudi kutoka dukani. Mama akauchungulia mfuko mara moja tu, kisha akavua miwani.

"Nilikutuma vitu vingapi?"

"Vinne, mama."

"Vitaje."

Binti akahesabu kwa vidole. "Uzi wa kijivu. Vifungo sita. Na zipu."

"Hivyo ni vitatu."

"Cha nne kilikuwa... kilikuwa kitu kidogo hivi..."

"Sindano, mwanangu! Sindano za cherehani! Ya mwisho imevunjika saa nane, na tangu hapo nimekaa kama abiria aliyeachwa na gari. Halafu zipu nilisema ya inchi ishirini na mbili. Wewe umeniletea ya inchi nane. Hii niitie wapi? Mdomoni mwako?"

Dada yake, msichana wa miaka kumi na saba, alikuwa karibu na dirisha akishona vifungo kwa mkono. Alicheka bila kuinua kichwa. "Mama, unajisumbua bure. Huyu ni Chujio. Mimina unachotaka, kitapita chote."

Jina hilo lilikuwa limeanza kama utani wa nyumbani. Kisha likatoka nje likaenea mtaani, na sasa hata muuza duka alipomwona alimwuliza, "Chujio, umekumbuka nini leo?" Jambo lililomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa mzembe. Alipotumwa, alirudia orodha njia nzima: uzi, vifungo, zipu, sindano, uzi, vifungo, zipu, sindano. Siku hiyo rafiki yake alimwita kutoka ng'ambo ya barabara na kumwuliza kama mwalimu wa hesabu amekwisha kusahihisha madaftari. Alijibu sentensi moja tu. Aliporudi kwenye orodha yake, kitu kimoja kilikuwa kimetoweka na kingine kimebadilika.

Shuleni mambo yalikuwa yale yale. Jumapili alikuwa amesoma safari ya chakula mwilini, kutoka mdomoni hadi mwisho wake, mara kumi nzima, akihesabu kwa vidole. Alipofunga daftari alijiona profesa. Jumanne ulipokuja mtihani, alipata nne kati ya kumi.

"Hukusoma," mwalimu alisema.

"Nilisoma, mwalimu. Mara kumi."

"Mara kumi ndiyo unapata nne? Basi ungesoma mara ishirini na tano." Darasa zima likacheka. Binti akakaa akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Kwa mwalimu? Kwa wale waliocheka? Aliielekeza kwa kichwa chake mwenyewe, akakipiga kwa kiganja, jambo ambalo halikusaidia chochote.

*

Jumatano alasiri chumba cha mbele, ambacho kilikuwa kiwanda cha mama, kilijaa watu. Kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kabati refu la vitambaa lililofika darini, na benchi ambapo wateja wawili walikuwa wakisubiri zamu yao huku wakitazama saa. Dada alikuwa ametumwa kupeleka nguo zilizokwisha.

Akaingia mwanamke mrefu, mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe na sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wavute pumzi na waitoe.

"Shikamoo, bibi," binti akamsalimu.

"Marahaba. Lakini bibi nitakuwa Jumamosi nikishastaafu. Leo bado ni muuguzi."

Basi kuanzia hapo wakamwita Bibi Muuguzi, na alikubali. Alifungua karatasi, akatoa kitambaa cha kijivu chenye majani madogo meupe, yote yakitazama juu. Mama akakishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika mtoto mchanga.

"Wauguzi wenzangu wamenipa zawadi," Bibi Muuguzi alisema. "Walikitafuta mpaka wakachoka, na hiki kilikuwa cha mwisho dukani. Mita nne. Nataka gauni refu la kunikaa sawasawa, na kitakachobaki unishonee skafu. Jumamosi saa nne nitasimama mbele ya hospitali nzima kuwaaga. Miaka thelathini na mitano, fundi. Sitaki kuaga nikiwa nimevaa gunia."

"Utapendeza, mama, usiwe na wasiwasi," mama alisema, akavuta tepu ya kupimia kutoka shingoni. "Wewe mtoto, daftari la vipimo. Andika."

Daftari lilikuwepo. Kamba iliyofunga kalamu ilikuwepo. Kalamu yenyewe haikuwepo. Binti akatafuta chini ya meza, nyuma ya pasi, ndani ya kopo la vifungo.

"Jamani, kalamu tu!" mama akafoka. Kwenye benchi mtu akakohoa kile kikohozi cha kusema kwamba muda unakwenda.

Kama si lile jina, labda binti angekimbilia mkoba wake wa shule. Lakini alikuwa ameitwa Chujio siku tatu mfululizo, na alikuwa amechoka. "Endelea tu, mama," akasema. "Nitashika kichwani."

Mama akasita, akatazama benchi, akaendelea. "Mabega kumi na sita. Kifua arobaini na mbili. Kiuno thelathini na sita. Nyonga arobaini na sita. Mkono ishirini na mbili. Urefu hamsini na mbili. Umeshika?"

"Nimeshika."

Na kweli alikuwa ameshika. Namba zote sita zilikuwa kichwani, zikizunguka kama nguo ndani ya beseni. Kisha Bibi Muuguzi, huku akivaa viatu, akamwuliza kwa upole, "Uko darasa la ngapi, binti?"

Mtu mzima akiuliza hujibiwa. "La sita."

"Na somo gani unalipenda?"

"Kuchora."

Wakati huo huo akaiona kalamu, imelala chini ya kitambaa cha kupigia pasi. Akaidaka, akainama juu ya daftari. Mabega, kumi na sita. Kifua, arobaini na mbili. Kiuno...

Kiuno kilikuwa kimekwenda. Nyonga nayo ilikuwa imekwenda. Mkono na urefu, zile za mwisho, bado zilikuwepo, akaziandika upesi kabla nazo hazijatoroka. Katikati kukabaki mistari miwili mitupu.

Bibi Muuguzi alikuwa bado hajatoka mlangoni. Ingetosha kusema, "Samahani, mama, tupime tena." Lakini mteja wa pili alikwisha kusimama, na mama aliuliza bila kugeuka, "Umeandika?"

Binti akafikiri haraka. Kifua ni arobaini na mbili, basi nyonga nayo itakuwa arobaini na mbili. Na kiuno huwa ni chembamba, labda thelathini na mbili. Akajaza mistari.

"Nimeandika, mama."

*

Alhamisi mama alikata kitambaa asubuhi, na adhuhuri dada akaunga mishono ya ubavuni. Binti aliporudi kutoka shuleni, Bibi Muuguzi alikuwa nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, amekuja kujaribu gauni. Pazia lilitikisika, likatulia, likatikisika tena. Kisha sauti ikatoka.

"Fundi! Hili gauni ni langu au la mjukuu wangu?"

Mama akaingia nyuma ya pazia. Akatoka na uso uliobadilika.

"Limegoma kwenye nyonga," alisema. "Halipiti kabisa. Limepungua inchi nne nzima." Akamgeukia binti yake mkubwa. "Mshono wa ubavuni umechukua kiasi gani?"

"Nusu inchi, mama. Kama kawaida."

"Nusu inchi gani inayokula inchi nne? Nilikuona na simu mkononi! Nimekwambia mara ngapi, simu na cherehani havikai pamoja?"

"Simu ilikuwa kwenye chaji!"

"Usinijibu! Kitambaa cha watu hiki! Cha mwisho dukani! Nikitoe wapi kingine?"

"Kila siku mimi! Pima mshono basi, mama, upime mwenyewe!" Machozi yalianza kumlengalenga dada. Alikuwa mtani, lakini kwa kazi yake hakuwa na utani, na mishono yake ilinyooka kama mstari wa rula.

Binti mdogo alisimama mlangoni, mkoba bado mgongoni. Hakuna aliyemtazama. Mama alikuwa amempata wa kumlaumu, na kama yeye angeingia ndani kimya kimya kubadilisha sare, mambo yangeishia hapo. Alimtazama dada yake akijifuta uso kwa mkono wa blauzi.

"Si dada," akasema.

"Wewe nyamaza, hukuwepo."

"Jumatano nilikuwepo, mama. Kiuno na nyonga nilivisahau. Niliandika vya kubuni."

Mama akavua miwani, akaiweka mezani, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba binti alitamani apigiwe kelele.

"Ulibuni," mama akasema hatimaye, bado amefumba macho. "Vipimo vya mwili wa mtu. Unavitunga, kama hadithi."

Bibi Muuguzi alitoka nyuma ya pazia amevaa nguo zake, gauni likiwa mkononi. Hakuonekana kufurahi hata kidogo. "Miaka thelathini na mitano," alisema, "nimewaimbia wauguzi wanafunzi wimbo mmoja: andika kabla hujageuza mguu. Kumbe nilipaswa kuja kuwaimbia na mafundi cherehani." Akavuta kiti, akakaa kwa uzito. "Njoo hapa, binti. Nilikuwa pale pale, sijatoka hata mlangoni. Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ningeitwa Chujio tena."

Dada akaanza kutazama vidole vyake kana kwamba anavihesabu.

"Aa," Bibi Muuguzi alisema. "Basi tulipime hilo chujio. Rudia ninachosema. A, K, G, E, F, M, I, B, U, A, A."

"A, K, G, E... F... M..." Binti akakwama, mabega yakamwanguka.

"Fundi, jaribu wewe."

Mama akafumbua macho kwa mshangao. "A, K, G... E... Mimi tena nina kazi, mama!"

"Naona na wewe umekwama," Bibi Muuguzi alisema. "Na dada mtu?" Dada alifika herufi ya tano, akaacha. "Vizuri. Sasa sikilizeni herufi zile zile, kwa mpangilio mwingine. M, A, B, E, G, A, K, I, F, U, A."

Binti akafungua mdomo, akaufunga, macho yakamtoka. "Mabega! Mabega, kifua!" Akazitaja zote kumi na moja bila kukosea.

"Kichwa ni kile kile. Herufi ni zile zile. Kwa nini mara ya kwanza umeshindwa?"

Bibi Muuguzi akagonga meza ya kukatia kwa kiganja. "Kichwani kuna sehemu kama meza hii. Wataalamu huiita kumbukumbu ya kazi. Ndipo unaposhikilia kile unachokifanyia kazi sasa hivi: namba unazojumlisha, orodha ya dukani, swali ulilotoka kuulizwa. Meza hiyo ni ndogo kwa kila mtu. Inabeba vitu vinne, vitano, labda saba ukijitahidi, tena kwa sekunde chache tu usipovirudia. Ukileta kitu kipya, kingine kinaanguka. Mimi nilikuuliza darasa, nikakuuliza na somo. Nilikusukumia vipimo vyako sakafuni bila kujua."

"Kwa hiyo si ugonjwa?" binti akauliza kwa sauti ndogo.

"Ugonjwa gani! Nimefanya kazi miaka mingi katika wodi ya watu walioumia kichwani. Nilimuuguza mzee mmoja, fundi seremala. Alikuwa akinieleza kila kabati alilolitengeneza ujanani, mbao zake, bawaba zake, na mwenyewe aliyelinunua. Tukiongea, alinisikiliza na kunijibu vizuri. Nikitoka nje dakika tano nikarudi, ananiuliza mimi ni nani. Meza yake ilikuwa nzima, na kabati lake la zamani lilikuwa zima." Akaonyesha kabati la vitambaa. "Lile ndilo kumbukumbu ya muda mrefu. Ni kubwa, sijawahi kuona mtu aliyelijaza. Lakini kwa yule mzee, njia ya kutoa kitu mezani na kukiingiza kabatini ilikuwa imeharibika. Yako ni nzima. Hujafundishwa kuitumia tu."

"Mbona nilisoma mara kumi na hakuna kilichoingia?" Sasa hasira ya Jumanne ilimtoka yote. "Mara kumi, bibi! Na mwalimu akasema sikusoma!"

"Ulisoma mara kumi siku moja, daftari likiwa wazi?"

"Ndiyo."

"Macho yako yaliuzoea ukurasa, ukadhani unaujua. Kusoma tena na tena ni kuweka kitu mezani mara kumi. Funga daftari, jiulize, uandike unachokumbuka. Ukikosa, fungua, sahihisha, funga. Kesho jiulize tena. Keshokutwa tena. Na ulale vya kutosha, kwa sababu ukilala ubongo unapanga kabati. Halafu kila kitu kipya kifunge kwenye kitu unachokijua. Zile herufi ulizishika kwa sababu neno mabega na neno kifua yalikuwa kabatini zamani. Herufi kumi na moja zikageuka vitu viwili, vikatosha mezani. Umeelewa?"

Binti akatikisa kichwa kukubali. Mama naye, bila kujua, alitikisa cha kwake. Kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

"Haya yote mazuri, mama," alisema, "lakini kesho kutwa ni Jumamosi, na gauni halipiti."

*

Mama alimpima Bibi Muuguzi upya, na safari hii dada aliandika kila namba kabla ya nyingine kutajwa. Kiuno thelathini na sita, nyonga arobaini na sita. Kisha wakamwaga mfuko wa vipande vilivyobaki. Kipande kikubwa kilikuwa kile kilichotengwa kwa ajili ya skafu.

"Nikitia vipande viwili ubavuni, vyembamba kwapani na vipana kuanzia kiunoni kwenda chini, gauni litapita," mama alisema. "Lakini skafu itabidi tuisahau."

Bibi Muuguzi akakipapasa kile kipande. "Walipanga niivae skafu," alisema. Kisha akashusha pumzi. "Kata."

Maneno hayo yalimuuma binti kuliko kelele zozote.

Ijumaa alirudi mbio kutoka shuleni. Mama alimpa mkasi mdogo, akamwambia afumue mishono ya ubavuni yote, uzi mmoja mmoja, asiguse kitambaa. Ilimchukua saa moja na nusu. Shingo ilimuuma, macho yalimwasha, na kila alipodhani amefika mwisho aliona uzi mwingine umejificha. Dada alivipanga vipande vipya ili majani meupe yatazame juu kama mengine, na mama akavipiga pasi.

"Sasa tia uzi cherehani hii ya pili," mama akamwambia binti. "Ni wakati ujifunze. Kutoka juu hapa, pitisha huku, zungusha, panda, shuka, ndoano hii, kisha sindano."

Binti akaanza. Alipitisha, akazungusha, akapanda. Ulimi ulikuwa umemtoka pembeni mwa mdomo.

"Umekula?" dada akamwuliza.

"Usiniulize!" binti akapiga ukelele. "Umeniharibia! Nilikuwa wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, mama akacheka. Akavuta uzi wa cherehani yake mwenyewe, na huku akiwatazama wao usoni akaupitisha kila mahali, bila kutazama mkono, na bila kuacha kusema. "Nilipokuwa mwanafunzi wa ushonaji, fundi wangu alinifukuza mara mbili kwa sababu ya uzi huu huu. Sikuweza hata kuitikia salamu nikiwa naupitisha. Sasa naupitisha huku nawagombeza. Yule bibi amenifumbua macho. Sikupata meza kubwa zaidi. Ni kazi yenyewe iliyohamia kabatini, ikaniachia meza wazi."

Binti alijaribu mara nne. Ya nne ilikubali.

Kabla ya giza kuingia alikaa na daftari la sayansi, akalifunga, akaandika hatua za safari ya chakula alizokumbuka. Zilikuwa tatu. Tatu tu! Alitamani kulitupa daftari dirishani. Afadhali ile njia ya zamani, ambayo angalau ilimfanya ajione profesa. Lakini alifungua, akasahihisha, akafunga. Jumamosi asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, alijiuliza tena. Zilikuja tano, na ini, ambalo hakuwahi kulikumbuka, likaja lenyewe.

*

Saa mbili na nusu asubuhi Bibi Muuguzi aliingia nyuma ya pazia. Pazia lilitikisika mara moja, likatulia. Alipotoka, gauni lilimshuka hadi vifundoni bila kukunjamana, na vile vipande vya ubavuni vilionekana kama vilipangwa tangu mwanzo. Aligeuka mbele ya kioo, akaenda kulia, akaenda kushoto, akakaa kwenye benchi na kuinuka.

"Napumua," alisema. "Hilo ndilo nililotaka."

"Nisamehe kwa skafu, bibi," binti akasema.

"Skafu ilikuwa nzuri, sitakudanganya. Wakiniuliza, nitawaambia ukweli: imekuwa ubavu." Akamshika kidevu. "Alhamisi ulipofungua mdomo pale mlangoni, nilikuona. Nimewaona watu wazima walioshindwa kufanya hivyo, tena kwa makosa madogo kuliko lako." Akatoka akitembea polepole, ameinua pindo lisiguse vumbi.

Mama akakaa. Alionekana amechoka, lakini miwani ilikuwa usoni.

"Mama," binti akasema, "bado umenikasirikia?"

"Kidogo. Kaa hapa." Mama akasubiri mpaka akae. "Sikukukasirikia kwa kusahau. Nilidhani ndivyo, lakini sivyo. Kichwa cha kila mtu kina mwisho wake, changu kimekwama kwenye herufi ya nne mbele ya mteja. Kinachozidi kichwa, kiandike. Unachotaka kikae, kirudie siku baada ya siku mpaka kikae. Na kikipotea, uliza. Kusahau kulikutokea tu, mwanangu. Kubuni ulikuamua mwenyewe. Mtu akisahau nyonga ya mteja, tunapima upya dakika moja. Akibuni, tunakata kitambaa ambacho hakirudi. Siku nyingine utakuwa umeshika dawa ya mtu, au ujumbe wa mtu. Hapo utajaza pengo kwa nini?"

"Sitajaza. Nitauliza."

"Hata kama benchi limejaa?"

"Hata kama limejaa."

"Mimi nami niliona kalamu haipo, nikaendelea. Niliwaogopa waliokuwa kwenye benchi. Lile ni kosa langu." Mama akageuka upande wa dirisha. "Na wewe, binti yangu mkubwa, nilikuonea mbele ya mgeni bila kupima mshono. Nisamehe."

Dada hakuzoea kuombwa msamaha na mama, na hakujua aweke wapi mikono yake. "Nimekusamehe," akasema. Akamtazama mdogo wake, akamwita kwa jina lake halisi, lile alilopewa alipozaliwa. "Nawe nisamehe. Lakini hivi vipande vyote vilivyotapakaa sakafuni, mimi sifagii."

Mdogo wake alikuwa amekwisha kuushika ufagio.